Hesabu 148
Leo kwenye foleni ya benki kiyoyozi kilinipuliza kisogoni, nikajikuta napapasa mkono kutafuta saa. Ndivyo ilivyokuwa Novemba 2023 kwenye chumba cha GRE, mtihani wa kompyuta wa kuombea masomo ya uzamili: saa, simu na pochi vimefungiwa kabatini, nami nimebaki na pasipoti tu.

Mtihani wenyewe ulikuwa umefupishwa tangu Septemba, kutoka karibu saa nne hadi saa moja na dakika 58. Nilishangilia. Haraka yangu.

Kinachonirudia ni skrini ya mwisho. Kabla hujaona chochote, kompyuta inauliza: alama zihifadhiwe au zifutwe? Ukizifuta huzioni. Nilishika kipanya mpaka kikalowa jasho, kwenye baridi ile, na jirani anachapa insha yake kama mvua kwenye bati. Nikabonyeza zihifadhiwe. Lugha 151. Hesabu 148. Kipimo ni 130 hadi 170, na mimi naomba kusoma takwimu. Nikaisoma ile 148 mara tatu, labda ingepanda.

Shangazi yangu, Tatu, alinipokea mlangoni. "Umefeli?"

"Mtihani huu hauna kufaulu wala kufeli, shangazi."

"Sasa macho mekundu ya nini?"

Kurudia kunaruhusiwa baada ya siku 21, mitihani isizidi mitano ndani ya miezi 12, kila mara kwa ada nzima: wakati huo dola 220. Nikajipa wiki tisa. Nilianza na PowerPrep, mtihani wa bure wa mazoezi ya GRE, kila kosa nikaliingiza kwenye daftari lenye safu tatu: sikujua, nilisoma vibaya, muda uliisha. Safu ya "sikujua" ndiyo iliyokuwa fupi kuliko zote. Hapo niliona aibu zaidi kuliko mlangoni.

Sehemu ya kwanza ya hesabu ina maswali 12 kwa dakika 21, yaani dakika moja na sekunde 45 kila swali. Mimi nang'ang'ania swali moja la uwezekano dakika tano, kisha naacha matatu wazi, wakati jibu baya halikatwi alama! Na sehemu hiyo ndiyo inayopanga ugumu wa ile ya pili: ukiboronga unapewa nyepesi, na hata ukiipata yote huwezi kupanda juu sana. Dawa ikawa kubahatisha jibu, kuliwekea swali alama, kusonga mbele, na kurudi muda ukibaki.

Halafu maswali ya kulinganisha. x ni chanya. Kipi kikubwa, x² au x? Natia 2, napata 4, nachagua x² kwa mbwembwe. Ningetia nusu ningepata robo. Jibu: haiwezi kujulikana. Juu ya kila ukurasa nikaandika: jaribu nusu, jaribu sifuri, jaribu hasi.

Januari nikapata 157, nikatuma hiyo peke yake.

Chuo kilichonichukua hakikuuliza GRE kabisa. Daftari lipo bado. Kurasa za nyuma Shangazi anaandikia madeni ya vitumbua, safu tatu vilevile.