Sindano niliyoirudisha mezani

Ilikuwa Julai, ule mwezi ambao ukungu wa Isongole hauondoki hadi saa nne asubuhi. Nilikuwa afisa tabibu katika zahanati ya kijiji huko Rungwe. Mama mmoja mfanyabiashara wa viazi mviringo aliingia amejifunika kitenge hadi machoni, akishika ukuta.

"Mwanangu, nichome tu ile ya diklofenaki. Lumbesa zangu ziko barabarani na lori halinisubiri."

Kichwa kilikuwa kinampwita upande wa kushoto tangu jana yake mchana. Ametapika mara mbili, na mwanga wa mlangoni ulimchoma macho. Kipandauso, tena cha miaka mingi. Marehemu mama yake naye alikuwa nacho. Nilikwisha kuvuta miligramu 75 za dawa hiyo ya maumivu kwenye bomba.

Kilichonizuia ni kope. Nilipoivuta ya chini niliona weupe mahali pa wekundu. Mapigo ya moyo yalikuwa 112 kwa dakika akiwa amekaa tu. Kipandauso huumiza na hutapisha, lakini hakimmalizi mtu damu. Nikairudisha sindano mezani, nikamuuliza habari za choo.

"Cheusi, mwanangu. Siku ya nne leo. Nikadhani ni mboga."

Nikauliza kama anameza vidonge vya kuongeza damu, maana madini ya chuma nayo hufanya choo kiwe cheusi. Hakuwa akivimeza. Choo chenyewe kilikuwa laini, kinanata kama lami na kinanuka vibaya mno. Hiyo ni damu iliyovuja tumboni na kusagwa njiani.

Nilishusha kalenda ukutani, tukahesabu pamoja siku alizomeza dawa ya maumivu mwezi uliopita. Zilifika 24. Siku nyingine ilikuwa diklofenaki ya dukani, nyingine vile vidonge vyenye aspirini, parasetamoli na kafeini kwa pamoja. Kwa miezi minne au mitano hivi, tena mara nyingi alfajiri kabla hajatia kitu mdomoni.

Hapo ndipo matatizo yake mawili yalipokutana. Diklofenaki, ibuprofeni na aspirini hupunguza maumivu kwa kuzuia kemikali fulani mwilini, na kemikali hizohizo ndizo zinazolinda utando wa tumbo. Sindano haisaidii kulikwepa tumbo, kwa sababu dawa hulifikia kupitia damu. Ile niliyoiandaa ingemzidishia kuvuja. Halafu mwenye kipandauso akimeza dawa ya maumivu ya kawaida siku 15 au zaidi kwa mwezi, au ile ya mchanganyiko siku 10, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa yenyewe huanza kuzaa maumivu. Kichwa kilichokuwa kinakuja mara tatu kwa mwezi kinakuwa cha karibu kila siku. Naye akizidi kuumwa anazidi kumeza.

Aliniambia jambo jingine ambalo wengi hulichukulia kuwa dawa feki: vidonge vilikuwa havimfanyii kazi. Wakati wa kipandauso tumbo hupunguza mwendo. Kidonge kilichochelewa hukaa humo bila kufyonzwa, kisha hutapikwa.

Sikumpa chochote cha kumeza. Nilimwekea kanula na dripu ya chumvi, nikaandika rufaa kwenda Mbeya mjini, na kijana wake akatafuta gari. Lori liliondoka na viazi bila yeye. Alilia kwa ajili ya mzigo ule, na nilimwelewa.

Hospitali walimwongeza damu, wakapitisha kamera kooni na kukuta kidonda, pamoja na wale bakteria wa tumboni wanaosababisha vidonda. Alirudi na omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi ya tumbo, na antibayotiki mbili za siku 14, na katazo la kudumu: asiguse tena diklofenaki wala ndugu zake.

Kichwa ndicho kilichobaki kwangu. Nilimwonya mapema kwamba akiacha vidonge maumivu yatapanda kwanza, pengine kwa wiki nzima, ndipo yashuke. Asiyeambiwa hili hurudi dukani siku ya tatu. Tulianza amitriptilini miligramu 10 kila usiku, ya kuzuia kipandauso kisije. Kichwa kikianza tu, bila kungoja kichefuchefu: metoklopramidi, dawa ya kichefuchefu, miligramu 10, na parasetamoli vidonge viwili vya miligramu 500, kisha chumba chenye giza. Isizidi siku mbili kwa wiki. Shingo au taya ikikakamaa baada ya metoklopramidi, asirudie, aje. Na asiende kupakia mzigo bila uji, maana njaa ilikuwa inamwamshia kichwa kuliko kitu kingine.

Nilimtajia pia yasiyongoja kesho: choo cheusi tena, kutapika damu au kitu kama unga wa kahawa, kichwa kinacholipuka ghafla kuliko vyote alivyowahi kuumwa, homa na shingo ngumu, mkono au mguu kulegea, maneno kumpotea, degedege. Nilimfanya ayarudie yote mbele ya kijana wake.

Oktoba alikuja na kalenda yake mwenyewe, siku za vidonge zimezungushiwa kalamu nyekundu. Zilikuwa sita. Desemba, viazi vikiwa vingi na usingizi mchache, zilipanda hadi tisa, nasi tukaipandisha amitriptilini hadi miligramu 25.