Barua za "niko mzima"

Sehemu kubwa ya utumishi wangu katika Magereza niliimaliza mezani, nikisoma barua za watu. Barua ya mfungwa ilikuwa haitoki getini kabla afisa hajaipitia. Kwenye gereza moja la magharibi mwa Uganda, afisa huyo alikuwa mimi. Kambini tuliongea Kiswahili, lakini barua zilikuja kwa Kinyoro, Kialuri, Kilugbara. Nisiyoielewa nilimwita askari wa lugha hiyo anisomee. Baadaye unazizoea. "Mimi niko mzima, sijui ninyi huko." Anayeandika hivyo amelala zahanati tangu Jumatatu. Hapo hamwandikii mama yake. Ananiandikia mimi.

Kilichonivuta kwenye habari za kambi za Wanazi ni Nyabyeya, huku kwetu Masindi, ambako wakimbizi wa Poland walijenga kanisa wakati wa Vita vya Pili. Makaburi yao bado yapo. Hao walikuwa wamehamishwa na Warusi, si na Hitler, lakini ukishaanza kuuliza kuhusu Wapolandi utafika tu kwenye kambi za Wanazi za Auschwitz na Ravensbrück.

Basi huko, karatasi yenyewe ya barua ilikuwa imechapwa masharti juu. Barua mbili au kadi mbili kwa mwezi. Mistari 15 kwa ukurasa. Stempu zisizidi 5 ndani ya bahasha. Vifurushi marufuku, kwa kuwa eti mfungwa anaweza kununua kila kitu kambini! Kuomba aachiliwe ni kazi bure. Na kila neno liwe la Kijerumani, hata kama mama aliyeko kijijini Poland hajui hata moja, kwa hiyo mfungwa asiyejua lugha humwomba mwenzake amwandikie. Afya yake ni nzuri, anashukuru kwa pesa, anawasalimu wote.

Mashahidi wa Yehova walibanwa zaidi, wengi wakiachiwa maneno 25 tu, na kwenye barua ukagongwa muhuri wa kuwaeleza jamaa kwamba mfungwa huyu bado ni mkaidi, ndiyo maana amepunguziwa barua. Nimegonga mihuri mingi maishani. Wa namna hiyo, wa kumsema mtu kwa mama yake, sikuwahi kuuona.

Hata hivyo barua ya uongo ilikuwa na ukweli mmoja: tarehe ile mfungwa alikuwa hai. Birkenau, sehemu ya Auschwitz, wakauchukua hata huo. Machi 1944, Wayahudi waliotoka Theresienstadt, geto la Wanazi huko Czech, waliamriwa kuandika kadi kwa jamaa zao na kuweka tarehe ya mbele, 25 Machi na kuendelea. Usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 wakauawa kwa gesi, karibu watu 3,800. Kadi zikapelekwa posta baadaye. Hapo mimi niliweka kitabu chini nikatoka nje.

Ravensbrück, kambi ya wanawake, kulikuwa na wasichana wa Lublin, mji wa Poland. Madaktari wa SS, kikosi cha Wanazi kilichoendesha kambi, walikuwa wakiwapasua miguu na kuwatia vijidudu makusudi, ati wajaribu dawa. Wapolandi 74 walifanyiwa hivyo. Mwanzoni mwa 1943, Krystyna Czyż na wenzake watatu walianza kuandika kwa mkojo katikati ya mistari ya wino. Mkojo ukikauka hauonekani. Ukipiga pasi karatasi, maandishi yanajitokeza. Lakini nyumbani watajuaje kwamba wapige pasi? Krystyna aligusia kitabu walichokisoma utotoni, ambamo ujumbe hufichwa kwenye herufi za kwanza za mistari. Wakazisoma zake kutoka juu kwenda chini: barua kwa mkojo.

Mimi ningeipitisha, nasema kweli. Sisi tulitafuta maneno yaliyofutwa, majina ya mafichoni, noti zilizokunjwa. Nani anasoma barua kwa wima?

Kwa njia hiyo majina ya waliopasuliwa yalitoka nje, yakawafikia wapiganaji wa chinichini wa Poland na hatimaye London. Jibu la nyumbani lilikuja na kifurushi: uzi wa buluu, alama kwamba wamesoma. Vifurushi vilikuwa vimeruhusiwa mwishoni mwa 1942 tu, vita vilipohitaji mikono ya wafungwa ifanye kazi, kwa hiyo ungekuwa mwaka mmoja nyuma, uzi huo usingepata pa kupitia.