Gunia la Kilo Hasi

Zikifika siku za giza, usiku usio na mwezi, wavuvi wa dagaa hawalali. Baada ya siku chache mzigo uliokauka unashushwa Mwaloni Kirumba, soko la dagaa jijini Mwanza, gunia juu ya gunia, na kila mtu anapiga kelele. Asubuhi moja ya namna hiyo, mwaka 2018, mzani nilioutengeneza kwa mikono yangu uliandika kwamba gunia la dagaa lina kilo -32.54.

Mwenye gunia alikuwa mama yangu mdogo. Akainama, akafuta kioo kwa pindo la kanga, akasoma tena.

"Mwanangu, hapa ninamdai mteja au mteja ndiye ananidai mimi?"

Makuli wakaangua kicheko. Nilitamani ziwa linimeze.

Programu ya kwanza ya mzani niliiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, jioni mbili tu, chumbani kwangu Nyakato. Ilisoma uzito, ikazidisha kwa bei, ikatunza na daftari la wadeni. Python unaiandika karibu kama unavyofikiri, na ukikosea inakuonyesha mstari. Hujiulizi namba inakaa wapi wala inakula nafasi kiasi gani. Namba ikikua, nafasi yake inatanuka yenyewe.

Shida ilikuwa kompyuta. Nani atabeba laptop mwaloni, kwenye maji na vumbi la dagaa, halafu umeme ukatike? Mama mdogo alitaka kijisanduku cha betri, akimaliza kupima akitupie kwenye kapu. Nikanunua Arduino Uno, kibao kidogo chenye chipu unayoipakia programu yako. Kumbukumbu yake ya kazi ni kilobaiti 2. Si megabaiti, kilobaiti! Python haiingii humo hata uikunje vipi: kabla hujaandika mstari wako wa kwanza, yenyewe inataka nafasi ya kufasiri amri zako na ya kufagia ulivyokwisha kuvitumia. Ule ulaini wote kuna anayeulipia, ila kwenye laptop bili sikuwahi kuiona.

Nikaangukia C, lugha aliyoiunda Dennis Ritchie mwanzoni mwa miaka ya 1970. Vitabu vinaihesabu nayo kuwa lugha ya ngazi ya juu, yaani iliyo karibu na mtu kuliko chipu, na kwa aliyewahi kuiandikia chipu amri moja moja ni kweli. Mimi niliyetoka Python nilijiona kama abiria aliyeshushwa njiani amalizie kwa miguu. Kazi ya jioni mbili ikala wiki tatu. Nikaujaribu mzani nyumbani kwa kiroba cha unga cha kilo 25, ukasoma sawasawa, nikajipongeza kwa soda.

Sasa nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, laptop mapajani, foleni ya magunia mbele yangu. Mama mdogo alikuwa ameshachomoa mzani wake wa zamani wa kuning'iniza. "Wewe tengeneza, mimi nauza." Nikaomba gunia jepesi. Kilo 28, sawa. Lingine, kilo 31, sawa. Nikarudisha lile la kwanza: hasi.

Hapo ndipo niliposhtuka. Uzito niliutunza kwa gramu, ndani ya int, nafasi ambayo C inaitengea namba nzima. Kwenye chipu ile int ni biti 16, yaani sifuri na moja kumi na sita tu, mwisho wake 32,767. Ukipita hapo namba inaangukia upande wa hasi. Gunia lilikuwa na kilo 33. Gramu 33,000 ukitoa 65,536 unabaki na -32,536, ndiyo hiyo 32.54 yenye alama ya aibu mbele. Miaka yote ya Python hakuna aliyeniambia namba ina mwisho. Na kiroba changu cha unga, kwa kilo 25 zake, kisingenifikisha huko hata ningekipima mwaka mzima.

Nikafuta int, nikaandika long, nafasi iliyo pana zaidi. Neno moja! Nikaipakia upya, gunia likarudi juu: 33.00.

"Na hii nayo ina mwisho?" mama mdogo akauliza.

"Upo, mama. Tani 2,147."

Akalitazama gunia, akanitazama mimi.

"Basi leta linalofuata."