Mota za stepa: torki ya kwenye karatasi haitoshi

Wengi wakichagua mota za stepa, zinazozunguka hatua kwa hatua, kwa CNC ndogo (mashine ya kukata inayoongozwa na kompyuta) hutazama torki tu, yaani nguvu ya kuzungusha. Namba ile hupimwa mota ikiwa imesimama. Ikishika kasi, nguvu hushuka. Sababu ni indaktansi ya koili, yaani tabia yake ya kuchelewesha mkondo, inayopimwa kwa milihenri (mH): mkondo hauwahi kujaa kabla ya hatua inayofuata. Kwa hiyo kwenye NEMA 23, saizi ya mota yenye uso wa milimita 57, chukua ya mH 2 hadi 3, hata kama nyingine ya saizi hiyo yenye mH 8 imeandikwa torki kubwa zaidi.

Kikomo cha volti hukadiriwa hivi: 32 mara kipeuo cha pili cha mH. Mota ya mH 2.25 inapata volti 48. Ukiilisha 12 itanguruma na kuruka hatua, na kazi iliyoanza vizuri itamalizika imepinda. Draiva, kifaa kinachoipa mota umeme, ya aina ya DM542 mwisho wake ni volti 50, basi ipe 36 ipumue.

Skrubu inayosogea milimita 8 kwa mzunguko, mota ya hatua 200, draiva ikigawa kila hatua mara 8: kwenye mipangilio ya mashine unaandika hatua 200 kwa milimita.

Na usichomoe waya wa mota umeme ukiwaka. Draiva inaweza kuungua papo hapo, kimyakimya.