Shajara ya kiangazi: FT8 kutoka KI73

Mvua zimekatika, radi nazo zimeondoka, na masafa ya HF (mawimbi mafupi ya redio) hapa Dodoma yametulia. Ni majira mazuri ya kurusha. Wapo wanaoibeza FT8, namna ya redio ya ridhaa ambamo kompyuta hubadilishana ujumbe mfupi, wakisema ni kompyuta mbili zinasalimiana huku wenyewe wanakunywa chai. Kuna ukweli humo. Ila naona kazi ya binadamu haikuondoka, imehamia kwenye maandalizi, na huko ndiko wengi wanakokwama.

FT8 ilitolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, mwanafizikia aliyeshiriki tuzo ya Nobel ya 1993, pamoja na Steve Franke. Imo ndani ya WSJT-X, programu ya bure. Zamu moja ni sekunde 15. Kurusha kwenyewe huchukua sekunde 12.64, kwa upana wa hezi 50 tu. Ishara iliyo karibu −20 dB, yaani iliyozama chini ya kelele, ambayo sikio haliipati kabisa, bado husomeka. Ndiyo maana wati 30 na waya mmoja wa antena vinatosha kufika Ulaya.

Sharti lake ni saa. Kompyuta ikipotoka kwa zaidi ya sekunde moja, shida zinaanza. Ukiona mistari ya ishara imejaa kwenye dirisha la rangi la WSJT-X lakini hakuna maandishi yanayotoka, usianze kufungua redio; tazama saa. Safu ya DT (tofauti ya muda) hukuambia kila kitu: vituo vyote vikionyesha +1.4, saa yako imetangulia kwa kiasi hicho. Windows ikiachwa yenyewe haijirekebishi mara kwa mara vya kutosha, kwa hiyo weka Meinberg NTP, programu ya kusawazisha saa kwa mtandao. Ukiwa porini kusiko na mtandao, kipokezi cha GPS cha USB na programu ya BktTimeSync vitafanya kazi hiyo.

Kumbukumbu huandikwa kwa UTC (saa ya dunia), na hapo Mswahili ana raha yake: kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni, chukua saa tunayoisema mdomoni, ongeza tatu. Saa 12 jioni ni 15:00 UTC. Kwenye mipangilio andika pia mraba wako, yaani msimbo wa eneo ulipo: Dodoma mjini ni KI73, Manyoni KI74, Kongwa na Mpwapwa KI83. Kolisaini (jina la kituo hewani) ya 5H, yaani ya Tanzania, unaipata kwa leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Bila hiyo, sikiliza tu.

Sasa sauti, ambako uharibifu mwingi hufanyika kimyakimya. Redio iwe USB-D (hali ya data, si kebo ya USB), kichujio kipana cha 3 kHz, kompresa imezimwa. Punguza kitelezi cha Pwr kwenye programu mpaka ALC, kipimo cha redio kinachoonyesha sauti imezidi, isitikisike. Ukizidisha, mawimbi yako yanazaa vivuli: sauti ya hezi 500 hutoa nyingine kwenye 1000 na 1500, nawe unawaharibia wenzako bila kujua. Kwenye mipangilio ya programu, sehemu ya Split, chagua Fake It. Programu itaibakiza sauti kati ya hezi 1500 na 2000, na vivuli vyake vitaangukia nje ya kichujio. Zima pia milio ya Windows. Si vizuri Japani wasikie taarifa ya barua pepe yako.

Redio ya wati 100 usiipeleke kwenye 100. Inarusha mfululizo karibu zamu nzima, na joto la mchana huku halisaidii. 30 hadi 40 inatosha.

Kuita ni rahisi: 14.074 MHz mchana, 28.074 hali ya jua ikiruhusu, 7.074 usiku. Tafuta nafasi tupu kwenye dirisha, weka alama kwenye Hold Tx Freq, na usimjibu mtu juu ya masafa yake mwenyewe, maana wote wanaomwita wamerundikana hapo. Tanzania haina vituo vingi hewani, hivyo ukiita CQ (wito kwa yeyote) utajibiwa na umati. Ondoa jibu la moja kwa moja kwa anayetangulia, uchague mwenyewe. Mwisho wa mawasiliano ni RR73 (nimepokea, salamu), ambayo kwa bahati ni mraba halisi katika Bahari ya Aktiki. Hakuna anayeishi huko wa kulalamika.

Waya wa antena: kila upande kata mita 5.3 kwa ajili ya 14.074, kisha punguza kidogokidogo hadi karibu 5.08 huku ukipima SWR, kipimo cha jinsi antena inavyolingana na redio. Uvute mashariki hadi magharibi, nguvu iende kaskazini. Acha kamba ilegee kidogo, kwa sababu upepo wa Dodoma hukata waya uliokazwa.

Kwa wanaotumia sola, kontrola ya chaji ndiyo mtuhumiwa wa kwanza wa kelele. Ikate unaposikiliza, uone tofauti. Waya wa betri usiwe mwembamba. Kwa ampea 12 na umbali wa mita 2, waya wa 1.5 mm² hupoteza zaidi ya nusu volti, na betri iliyochoka itaizima redio kila inaporusha. Wa 6 mm² hupoteza volti 0.14 tu. Na kompyuta ikipoteza redio kila unaporusha, ni mawimbi yanayopanda kwenye kebo ya USB: izungushe mara 8 hadi 10 kwenye pete ya feraiti ya aina 31, karibu na kompyuta.