Vile nilitafuta uzi wa faiba uliokatika kwa viswichi vya konvata

Hapa Keshero niko naangalia mtandao wa biro (ofisi) moja yenye depo (ghala) nyuma kabisa ya parseli (kiwanja), na kebo ikizunguka ukuta inafika mita 340 hivi. Kebo ya shaba mwisho wake mita 100, na hata ingefika singeiweka, ju hapa Goma radi ikipiga inaingia kwenye shaba na kuchoma swichi (vile vifaa vya kugawa mtandao) za pande zote mbili, lakini faiba ni uzi wa kioo wa kupitisha mwanga, haibebi umeme. Kuchimba pia haiwezekani, chini ni mawe ya volkano matupu, basi tuliipitisha juu, kwenye nguzo na ukuta. Kila upande kuna konvata, kale kaboksi kanapokea kebo ya shaba upande mmoja na nyuzi mbili za faiba upande mwingine, mmoja wa kutuma na mmoja wa kupokea. Tena kuna redio mbili juu ya paa kama njia ya akiba, swichi ya biro ikiona mlango unaoenda kwenye konvata ya faiba umezima inahamia redio yenyewe.

Ila mwanzoni haikua inahamia. Faiba ikichomoka depo, konvata ya biro bado inaiwashia swichi taa ya shaba kama vile kila kitu kiko sawa, ju kati ya swichi na konvata kebo ni nzima kweli, na swichi inaendelea kutuma data kwenye shimo. Dada wa kesi (anayepokea pesa) anangoja programu ya stoku ifunguke, haifunguki, ananipigia. Dawa yake iko kwenye konvata yenyewe, pembeni kuna viswichi vidogo vya kusukuma na ncha ya kalamu, kimoja kimeandikwa LFP (Link Fault Pass-through). Ukikiwasha, faiba ikikufa konvata inazima na shaba, shaba ya upande mmoja ikikufa inazima mpaka shaba ya upande wa pili, yaani habari ya kifo inapita mwisho kwa mwisho. Nikawasha pande zote mbili na swichi ikaanza kuhamia redio vizuri.

Sasa kaja ile siku ya mvua na upepo. Asubuhi patroni (bosi) ananiambia mtandao unatembea lakini pole sana, nikajua tuko kwenye redio. Naangalia konvata ya biro, taa ya umeme tu ndio inawaka, faiba imezima, shaba imezima. Nampigia mdogo wangu aliye depo, ananiambia "Yaya, hapa pia ni taa moja tu." Na hapo ndipo LFP inakuchanganya, ju ikiwa imewashwa taa zote zinazima pamoja na huwezi kujua ni kebo ya biro, ni konvata, ni faiba ama ni swichi ya depo. LFP ni ya siku za kazi, siku ya kutafuta kosa unaizima kwanza, pande zote mbili, afu unachomoa umeme na kurudisha, ju konvata nyingi zinasoma viswichi wakati wa kuwaka tu.

Tukazima. Shaba zikawaka biro na depo, basi swichi zote mbili na kebo zake ziko nzima. Faiba bado giza pande zote. Nikafikiri nyuzi zote mbili zimekatika na nikapoteza karibu saa nzima nikisafisha vichwa vya faiba na spiriti, vumbi la hapa kwetu ni jeusi na linaingia kila mahali, lakini hapana, hakuna kilichobadilika. Halafu ndio nikakumbuka kiswichi cha pili, FEF (Far End Fault). Hio kazi yake ni hivi: konvata isipopokea mwanga inatuma ishara kwa mwenzake kupitia uzi wake wa kutuma, "mimi sikuoni", na mwenzake akiipata anazima taa yake ya faiba hata kama yeye anapokea mwanga vizuri. Ni kitu kizuri sana, bila hio upande mmoja unaamini uko hai wakati mwenzake hasikii kitu. Lakini kwa kutafuta kosa inakufichia uzi upi ndio mbovu.

Nikazima FEF pande zote, tukawasha upya. Biro faiba ikawaka! Depo giza. Basi mwanga wa depo unafika biro, wa biro haufiki depo. Imebaki vitu vitatu tu: mdomo wa kutuma wa biro, uzi wenyewe, ama sikio la depo. Nikachomoa kebo ya shaba kwanza, ju ukiiacha data inarudi kwenye swichi na kuzunguka, afu nikachukua kipande kifupi cha faiba nikaunga kutuma na kupokea kwenye konvata ileile. Taa ikawaka. Mdogo wangu akafanya vilevile depo, ikawaka. Konvata zote nzima, ni uzi. (Zangu ni za kilomita 20, zile za mbali sana usiunge hivi bila kipunguza mwanga, zinaweza kuharibika. Na zile za uzi mmoja hazijaribiki hivi, zinatuma rangi moja ya mwanga na kupokea nyingine, mfano nanomita 1310 na 1550.)

Nikapiga tochi nyekundu ya faiba kwenye uzi huo, depo hakutoka kitu. Tukafuata kebo kwa miguu, na pale inapokunja juu ya ukuta, jiwe la volkano lenye ncha lilikua limekwaruza ganda mpaka ndani. Kebo ina nyuzi nne na zote zina vichwa, nikahamia wa tatu, faiba ikawaka pande zote. Pale ukutani tukavalisha kipande cha bomba la plastiki.

Kisha nikarudisha FEF na LFP, umeme ukachomolewa na kurudishwa, na nikachomoa faiba ya depo makusudi mbele ya patroni. Swichi ikahamia redio, dada wa kesi hata hakuinua kichwa.