Sabuni imehamia mlangoni

Leo nimechoka, ila kwa raha.

Kwenye stoo yetu hapa Kariakoo, sabuni za mche zilikaa mwisho kabisa, nyuma ya mabeseni ambayo hata hayatoki.
Na kila oda ina sabuni. Kila oda, mguu hadi ukutani na kurudi.

Asubuhi tumehamisha. Sabuni, chumvi na viberiti mlangoni, usawa wa kiuno. Mabeseni juu kule, yakae na buibui wao.

Saa nane mzigo wa Mbagala ulishapakiwa kwenye kirikuu. Jana saa hizo tulikuwa bado tunasaka viberiti!

Ila mzee wetu wa stoo, kwa mazoea, kaenda hadi kule nyuma, kasimama anautazama ukuta mtupu.
"Mmeniibia njia yangu."

Nyie wa maduka ya jumla, mlangoni mmeweka nini?